Maghulamu Wanne

Mchezo wa kiinimacho cha karata, maarufu Ulaya na Marekani, ambao siri yake haimo katika wepesi wa vidole bali katika matayarisho na hadithi. Nao ni wa jinsi ile ambayo Professor Hoffmann, katika kitabu chake Modern Magic cha mwaka 1876, aliitengea sura yake. Mchezaji huwashika mkononi maghulamu wanne wa karata, huficha karata tatu nyinginezo nyuma ya ghulamu wa mwisho, akazilinganisha barabara, kisha huwatandaza wale wanne mbele ya hadhara, huwakusanya, na kuliweka fungu zima kifudifudi juu ya jozi. Hapo husimulia: wezi wanne, ndio maghulamu, wameshukia darini mwa nyumba, ndiyo jozi; mmoja aingia ghalani, wa pili sebuleni, wa tatu chumbani, na kwa kila mwizi karata ya juu huchomekwa mahali pake pasipo kuonyeshwa uso, nazo ndizo zile tatu. Wa nne, abakiaye darini kulinda, hufunuliwa waziwazi, na ufunuo huo, kwa rai yetu, ndio roho ya hila yote, kwani ukweli mmoja huwatia watu yakini juu ya uongo uliotangulia. Askari wabisha hodi, yaani jozi yagongwa kwa kidole. Karata nne za juu zikifunuliwa, wezi wote wamo darini. Hauchezwi mara mbili mbele ya hadhara moja.