Swali la babu: hiyo reli nani analipa?

Nyegezi, Jumapili jioni

Leo sina stori ya mtihani wala ya bumu. Mchana nilikuwa naongea na babu kwenye simu. Yeye yuko Malampaka, pale reli ya Mwanza inapopita, na maisha yake yote amelima pamba. Nikawa namsifia treni ya umeme. Akanisikiliza weee, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mjukuu wangu, hiyo nani analipa?" Nikacheka. Baadaye nikaona mzee kanizidi, na mimi ndiye ninayesoma historia!

Basi tuanze mwanzo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za Mjerumani. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Iliyojenga ni kampuni, lakini dhamana ya fedha ilitoka kwa serikali yao. Mnadhani walikuwa wanamfikiria babu wa babu yangu asafiri vizuri? Wapi! Walitaka mali ya bara ishuke bandarini, na askari wapande bara upesi.

Akaja Mwingereza, akajenga tawi la kutoka Tabora mpaka hapa Mwanza, likafika ziwani 1928. Ujenzi ukiendelea, mwaka 1926 Bunge la London lilipitisha sheria ya kudhamini mikopo ya hadi pauni milioni 10 kwa nchi zake za Afrika Mashariki. Tuelewane, kudhamini siyo kutoa. Deni lilikuwa la nchi zenyewe, maana yake kodi ya wakulima kama wazee wetu wa Usukuma, ambao pamba yao ndiyo ilikuwa inabebwa.

Miaka ya 1960 zikaja meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru. Pale Mwanza Kusini reli inaingia mpaka ndani ya meli. Behewa la mzigo linavuka ziwa mpaka Kisumu au Port Bell bila hata gunia moja kushushwa. Abiria je? Yeye ateremke, abebe begi lake, ajijue. Hapo ndipo utaona pesa ilikuwa inamfikiria nani.

Jumuiya ikafa 1977, likazaliwa Shirika la Reli letu wenyewe. Mwaka 2007 likakodishwa: RITES ya India asilimia 51, serikali 49. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yakakata njia maeneo ya Kilosa na Gulwe, safari za abiria zikasimama. Ubia wenyewe haukudumu, mwaka 2011 serikali ikawa imerudi kushika usukani.

Halafu Oktoba 2012 Dar wakapata treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza "treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri. Hakuna reli mpya iliyojengwa, ni njia zilezile za zamani na mabehewa yaliyokarabatiwa. Kumbe serikali ikiamua kuweka pesa kwa ajili ya abiria, hata chuma kikuukuu kinafanya kazi!

Sasa jibu la babu. Mwaka 2013 ilianzishwa tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ingawa zipo zilizosamehewa. Ongeza bajeti ya serikali na mikopo ya mabenki. Ujenzi wa reli ya kisasa ukaanza 2017, na mwaka 2024 abiria wakapanda treni ya umeme kutoka Dar mpaka Dodoma. Kipande chetu cha Mwanza–Isaka, kilometa 341 ukihesabu na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021.

Kwa hiyo babu, tunalipa sisi. Wewe ulilipa kwa pamba, mimi nalipa dukani bila hata kupewa tiketi. Tofauti ni kwamba wewe hukuulizwa, mimi nina mbunge wa kumuuliza.

Na ya kuuliza yapo. Nauli itamfaa mwanafunzi na mkulima, au tutaendelea kujazana stendi ya Nyegezi kila chuo kikifungwa? Na ile stesheni ya zamani mjini, na yadi zake karibu na ziwa, eneo lililonunuliwa kwa kodi ya akina babu, tutaitunza iwahudumie wananchi, au siku moja tutakuta uzio na geti? Ardhi ya reli ikishakatwa viwanja hairudi, jamani.

Nimempigia tena babu kumpa jibu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi kama ni sisi, waambie wasisahau kusimama Malampaka."

Haya wadau, ujumbe umefika. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Tuonane kantini!