Mwaka Mrefu na Hesabu ya Mifunguo: Tarehe za Karagwe, 1861–1862

Tarehe 25 Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant waliwasili Bweranyange, makao ya Rumanyika, Mukama wa Karagwe, ufalme ambao ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Speke aliandika shajara yake kwa kalenda ya Gregori. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotia kambi Kafuro walihesabu kwa Hijra. Na ikulu nayo ilipiga ngoma kuulaki mwezi mwandamo. Mwenye kuoanisha kumbukumbu hizo hana budi kujua ni mwaka upi uliokuwa mrefu.

Mwaka wa Hijra una siku 354. Katika hesabu ya majedwali, miaka 11 ya kila mzunguko wa miaka 30 huongezewa siku moja. Programu ya kompyuta huhakiki jambo hilo kwa mstari mmoja tu: mwaka uzidishwe kwa 11, jumla iongezwe 14, kisha igawanywe kwa 30, baki likiwa chini ya 11, mwaka ni mrefu. Mwaka 1278 hutoa 14,072, na baki ni 2. Basi mwaka huo, ulioanza tarehe 9 Julai 1861, ulikuwa na siku 355, na mwaka 1279 ulianza tarehe 29 Juni 1862, wala si 28. (Yako majedwali yaurefushayo mwaka wa 15 wa mzunguko badala ya wa 16, mwaka 1278 ni wa 18, hivyo hauguswi.)

Hatari kubwa zaidi imo katika lugha. Siku waliyofika wageni wale ilikuwa 22 Jumada al-Ula, yaani, kwa Kiswahili, 22 Mfunguo Nane. Mswahili huihesabu mifunguo tangu Ramadhani iishe, hali mwaka wa Hijra huanza Muharram, ambao ni Mfunguo Nne. Mfunguo Nane, basi, ni mwezi wa tano. Nayo siku ya nyongeza huangukia mwishoni mwa Mfunguo Tatu, mahali ambapo msikilizaji wa kawaida hatarajii mwaka ufungwe. Mwandishi wa programu akiisoma namba iliyomo katika jina kuwa ndiyo namba ya mwezi, atapata 22 Shaabani, yaani 22 Februari 1862. Siku hiyo Speke alikwisha kuondoka Karagwe, yuko Buganda kwa Mutesa.

Ushahidi wa kumsahihisha ni jina la siku. Tarehe 25 Novemba 1861 ilikuwa Jumatatu. 22 Februari 1862 ilikuwa Jumamosi. Hata hapo tahadhari yahitajika: Jumatatu ni siku ya tatu kwa aanzaye na Jumamosi, ilhali programu nyingi huipa Jumatatu namba 0 au 1.