Familia ya Watu Kumi, Mkanda wa Picha 12: Studio za Zamani Zilivyokimbizana na Muda

Leo mtu akienda ufukweni na familia anarudi na picha 300 kwenye simu, anachagua moja ya kuposti, halafu bado analalamika kwamba kafumba macho. Sasa rudi nyuma kidogo. Ni siku ya Idd, foleni ya studio imetoka mpaka barazani, watoto wana nguo mpya ambazo zimeshaanza kuchafuka, na fundi mmoja tu wa picha ana kamera ya mkanda unaotoa picha 12. Kumi na mbili, basi! Akiharibu moja hela imekwenda, na familia iliyo nyuma inazidi kunung'unika.

Majina ya hao mafundi wengi wao hakuna anayeyajua. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio, na mara nyingine huo nao umefutika. Lakini hawa ndio waliogundua mapema kwamba kupiga picha ya familia ni kazi ya kupanga watu na saa, kamera inakuja baadaye.

Tatizo la muda ni la zamani kama picha yenyewe. Teknolojia ya kwanza ya picha ilipotangazwa Paris mwaka 1839, mtu alitakiwa atulie dakika kadhaa ndipo sura yake itoke. Baada ya miaka michache muda ukashuka mpaka sekunde, ila bado zilikuwa sekunde za kutosha kumfanya mtu mzima atikisike. Dawa yake ilikuwa chuma chenye vishikizo kinachowekwa nyuma ya kichwa. Mteja anakaa amenyooka, chuma kinamshika kisogoni, kwenye picha hakionekani.

Mtoto mchanga je? Hapo ndipo kuna vituko. Studio za Ulaya na Marekani za enzi hizo zilimkalisha mama kwenye kiti, zikamfunika shuka au pazia gubigubi, kisha mtoto akapakatwa juu yake kama vile kakaa kwenye kochi. Mama yupo kwenye picha na hayupo. Ukizitazama leo zinatisha kidogo, kama filamu ya majini, lakini ilikuwa njia ya kumtuliza mtoto tu.

Ukaja mtindo wa kioo kilichopakwa dawa, na huo uliwabana mafundi zaidi. Kioo kilitakiwa kipigwe picha kikiwa bado kibichi na kisafishwe kabla hakijakauka, yaani shughuli nzima ilikuwa ndani ya kama robo saa. Familia ikichelewa kujipanga kioo kinakauka, kazi inaanza upya. Mwaka 1854 Mfaransa mmoja mwenye studio akapata hatimiliki ya kupiga picha ndogo nane kwenye kioo kimoja. Bei ikaanguka, watu wa kawaida wakamiminika, na hapo biashara ya picha za haraka haraka za familia ikashika moto.

Huku kwetu, Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa mwaka 1930 na baba, baadaye mwanawe akaiendeleza. Mombasa, Nairobi na Dar nako studio nyingi za mwanzo zilikuwa za familia zenye asili ya India, kisha Waafrika waliojifunza kazi wakafungua zao.

Studio iliyojua kazi ilikuwa inaanza kupanga mambo huko nje kabla mteja hajaingia. Kioo na kitana viko mlangoni, na koti na tai ya kuazima vimetundikwa msumarini. Malipo yanachukuliwa kabisa na risiti inaandikwa, ili ndani pasiwe na mjadala wa bei. Kiti hakihamishwi kwa sababu taa zimeshawekwa kukifuata. Familia ikiingia, babu au bibi anakalishwa kwanza. Hiyo ni heshima, ndiyo, lakini pia ni akili: mzee akishakaa kila mmoja anajua nafasi yake, wakubwa nyuma, wadogo mbele, bila fundi kupiga kelele. Kundi zima linapigwa kwanza watoto wakiwa bado na adabu, halafu wazee wanaachiwa wakapumzike na wanaobaki wanapigwa wawili wawili. Ila mtoto mchanga akianza kusinzia, ratiba yote inapinduka, anapigwa yeye kwanza.

Mara nyingi bonyezo lilikuwa moja tu, mbili kama kuna wasiwasi. Fundi haangalii kwenye tundu muda huo, anaangalia macho ya watu, kwa sababu hakukuwa na kioo cha kumwonyesha nani kafumba. Angejua baadaye kwenye chumba cha giza, wakati familia imesharudi kijijini.

Na hapo ndipo presha ilipokuwa. Familia nyingi zina picha moja tu ya babu, imekunjika kona, ndiyo hiyo inayokuzwa na kuwekwa fremu siku ya msiba. Ilipigwa kwa dakika chache na mtu aliyekuwa na foleni nje. Angeteleza, wajukuu wasingejua sura ya babu yao kabisa.

Kuna hadithi mitandaoni kwamba wazee hawakucheka kwenye picha kwa sababu kamera zilikuwa polepole. Kwa picha za mwanzo kabisa, sawa. Lakini kamera za miaka ya 1970 zilinasa sura kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na bado wazee wamekaza uso kama wako mahakamani. Hiyo haikuwa kamera bana. Picha ilikuwa jambo zito, na mtu mzima hachekicheki hovyo kwenye jambo zito.

Ikaja mikanda ya picha 36, na visingizio vipya. Ukifuata picha yako unaambiwa mkanda haujaisha, subiri wateja wengine. Ukiisha unaambiwa umepelekwa kusafishwa. Wengine walisubiri mpaka mtoto aliyepigwa anatambaa akawa anatembea.

Walioweza mchezo wa muda kuliko wote pengine ni wapiga picha wa Likoni, Mombasa, miaka ya 1990. Vibanda vyao vilikuwa karibu na kivuko, nyuma wamechora meli, ndege na maghorofa. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi pwani na wanataka kutuma picha nyumbani. Pale hakuna cha kujivuta. Mteja anataka picha kando ya ndege ya rangi, mkono kiunoni, na feri inakaribia kung'oa nanga. Fundi anamsogeza bega, anainua kidevu, anabonyeza, anaandika jina kwenye daftari, na huku mwingine kashasimama kwenye ndege.