Unataka kuingiza pointi kwenye roboti ya kiwandani? Zijue hatua na mitego yake

Kuifundisha roboti kwa mkono ni kazi ya subira. Fundi anashika rimoti yenye skrini, anausogeza mkono wa roboti hadi anapotaka, anahifadhi pointi, kisha anahamia inayofuata. Pointi 10 hazina shida. Lakini kama unapaka gundi kuzunguka kioo cha gari na njia ina pointi 300, utakesha.

Ndiyo maana wengi huchukua pointi kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, wanaziweka kwenye faili la maandishi, halafu wanaliingiza kwenye kidhibiti, yaani ile kompyuta inayoiendesha roboti.

Muda unaokolewa kweli. Ila roboti inafuata namba kama zilivyoandikwa. Namba ikiwa na kosa, mkono mzito wa chuma utalifuata kosa hilo hilo, na ukikuta meza, kifaa au mtu njiani, ni hasara au majeruhi.

Pointi ina nini ndani?

Wengi hudhani pointi ni X, Y na Z tu. Hizo zinaeleza mahali. Roboti ya mihimili sita inataka pia kujua ncha ya kifaa ielekee wapi: ielekee chini, ilale pembeni au iiname kidogo.

Hapa kila kampuni ina lugha yake:

• KUKA hutumia X, Y, Z, kisha A, B, C kwa digrii. A ni kuzunguka Z, B ni kuzunguka Y, C ni kuzunguka X.

• FANUC hutumia W, P, R, nazo ni digrii. Ila W ni kuzunguka X na R ni kuzunguka Z. Kwa hiyo A ya KUKA ni R ya FANUC, na C ni W. Ukinakili kwa mpangilio ule ule, kifaa kitageukia kusikotakiwa.

• ABB hutumia namba nne za mwelekeo. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe na kujumlisha, jibu lazima liwe 1. Lisipokuwa 1, kidhibiti kinagoma.

• Universal Robots hutumia mita na radiani, wakati wengine hapo juu hutumia milimita. Milimita 500 unaandika 0.5. Ukiandika 500, unaiambia roboti iende nusu kilomita, na UR5 inafika milimita 850 tu.

Kuna jambo jingine. Pointi moja inaweza kufikiwa kwa mikao tofauti ya mkono, kiwiko kikiwa juu au chini. KUKA, FANUC na ABB huhifadhi mkao huo pamoja na pointi. Ukijaza sifuri ilimradi, roboti inaweza kusimama na kutoa hitilafu, au ikajaribu kugeuza kiungo ghafla.

Kutoka wapi?

Ukimwambia mgeni "tembea mita 100", atakuuliza: kuanzia wapi? Roboti haiulizi. Inahesabu kutoka kwenye chimbuko lililowekwa, ambalo mara nyingi ni kitako chake, wakati mchoro umehesabu kutoka kwenye kona ya kifaa kinachotengenezwa.

Dawa ni kupima fremu ya kazi. Njia ya kawaida ni kugusa sehemu tatu: chimbuko, sehemu moja kwenye mstari wa X, na nyingine upande wa Y. Pima pia ncha ya kifaa chenyewe. Ncha ikiwa na kosa la milimita 5, njia nzima inaharibika hata kama faili ni safi.

Kuliingiza faili

Kuna njia kuu mbili.

Ya kwanza ni kugeuza jedwali kuwa programu kamili kabla ya kulipeleka. Kwa KUKA unatengeneza faili mbili: ya .src yenye amri na ya .dat yenye pointi. Kwa FANUC unaandika faili la .LS, ambalo ni maandishi ya kawaida, lakini kidhibiti kinahitaji nyongeza ya kulisoma. Kama hakina, unaligeuza kwanza kwenye kompyuta.

Ya pili ni roboti kusoma faili yenyewe, mstari kwa mstari. ABB wana amri za Open, ReadStr na StrToVal kwa kazi hiyo. Angalia: maandishi kwenye lugha ya ABB yana kikomo cha herufi 80. Mstari wenye namba saba na desimali ndefu unaweza kuzidi hapo.

Chunga pia mkato. Kompyuta iliyowekwa kwa Kijerumani au Kifaransa huandika 12,5 badala ya 12.5. Kwenye jedwali linalotenganishwa kwa mkato, hiyo inasomeka kama namba mbili, na kila kitu kinachofuata kinasogea safu moja.

Pointi nyingi si lazima ziwe bora

Pointi zikiachana milimita 1 na unataka mwendo wa milimita 500 kwa sekunde, kidhibiti kinatakiwa kupanga pointi 500 kila sekunde. Mara nyingi kinazidiwa, roboti inapunguza mwendo au inashtukashtuka, na gundi inatoka nene hapa, nyembamba pale.

Punguza pointi kwenye sehemu zilizonyooka, zibakize kwenye kona. Halafu ruhusu roboti ipite karibu na pointi bila kusimama. ABB wanaandika z10 badala ya fine, FANUC wanaandika CNT badala ya FINE.

Kabla ya kubonyeza start

1. Hakiki vipimo: milimita au mita? Digrii au radiani?
2. Tafuta namba kubwa na ndogo kuliko zote kwenye kila safu. Isiyoeleweka itaonekana hapo hapo.
3. Endesha kwanza kwenye programu ya kuigiza: RobotStudio kwa ABB, ROBOGUIDE kwa FANUC, KUKA.Sim kwa KUKA.
4. Angalia mhimili wa 5 usikaribie sifuri. Hapo mhimili wa 4 na wa 6 hukaa mstari mmoja na vinaweza kuzunguka kwa kasi ya ghafla.
5. Kwenye roboti halisi, tumia hali ya mkono, ambayo kasi ya ncha haizidi milimita 250 kwa sekunde. Nenda pointi moja moja, gundi ikiwa imezimwa.
6. Mara ya kwanza inua njia nzima milimita 50 juu ya kazi. Ikipita salama hewani, ishushe.

Hatua ya sita huchukua dakika chache tu, na fundi akiiruka, kosa la faili atalijua kifaa kikiwa tayari kimegonga kioo.