ANAKOPI AU ANAJIFUNZA? STORI YA CHOMBO KILICHOKUWA KONA YA STUDIO

Wadau, leo sina umbea wa "msanii fulani". Leo nawashushia stori ya zamani, ila inagusa ugomvi wetu wa kila wiki hapa. Chipukizi akitoa ngoma, komenti ya kwanza ni "huyu anakopi". Na mimi nimeshaandika hivyo mara nyingi tu. Waswahili tuna methali kali kabisa kuhusu mwiga tembo, mnaijua inavyoishia. Ila nilipoanza kufuatilia historia ya vibrafoni kwenye jazz, mdomo ukafungika wenyewe.

Tuanze na mtoto mmoja wa miaka 5, Los Angeles, miaka ya 1940. Wazazi wake walimpeleka kwenye shoo. Mpigaji mkubwa aliyekuwa jukwaani akampa mtoto yule vijiti vyake vya kupigia. Jina la mtoto simtaji sasa hivi, shikilieni hapo.

Kwanza, vibrafoni ni nini? Ni ndugu wa chuma wa marimba, na hilo jina marimba ni la Kibantu, la kwetu kabisa. Vibao vyake ni vya alumini, kwa kawaida 37. Chini ya kila kibao kuna bomba, na juu ya bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Hicho ndicho kinachofanya sauti itetemeke. Chini kuna pedali: ukiikanyaga sauti inaendelea kulia, ukiiachia inakatika. Kilitengenezwa Marekani miaka ya 1920, na mwanzoni watu walikichukulia kama pambo tu la kuongeza mlio.

Sasa njoo Oktoba 1930. Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta, yupo studio Los Angeles. Mpiga dramu wake ni kijana wa miaka 22, Lionel Hampton. Kwenye kona kuna vibrafoni. Armstrong akamuuliza kama anaweza kukipiga. Hampton alikuwa amejifunza zailofoni ya mbao alipokuwa Chicago, na mpangilio wa noti ni ule ule. Akapiga nini? Akapiga solo ya Armstrong mwenyewe, noti kwa noti, kama alivyoishika kwenye sahani za santuri! Mzee akakubali, wakarekodi "Memories of You", na vibrafoni ikaingia rasmi kwenye jazz.

Mnaona? Mlango ulifunguliwa na kopi. Kijana alikuwa ameshazikariri solo za bosi wake kabla hata hajaulizwa.

Miaka 6 baadaye, 1936, Hampton akaingia kwenye kundi la Benny Goodman, watu wanne: Wazungu wawili, Weusi wawili, kwenye Marekani ya ubaguzi, jukwaa moja. Na hapo hakuwa akipiga solo za Armstrong tena. Alikuwa anafristailia vya kwake. Kama wewe ni wa hip hop unaelewa: mtu anayechana fristaili vizuri ana mistari ya wenzake elfu moja kichwani. Kwenye jazz ni hivyo hivyo. Papo hapo yenyewe ina maandalizi ya miaka.

Halafu akaja Milt Jackson wa Detroit, yule wa Modern Jazz Quartet. Ujanani aliimba nyimbo za injili, na alitaka chombo kiimbe kama koo la mtu. Alichofanya ni kupunguza mwendo wa ile mota. Mtetemo ukawa wa taratibu, melodi ikawa kama mtu anavuta pumzi. Kitu kidogo hivyo, na watu wakaanza kumtambua kwa noti chache tu.

Ikabaki kazi moja: kusindikiza. Ukiwa na vijiti viwili unapiga melodi freshi, lakini kordi, yaani zile noti kadhaa zinazolia pamoja nyuma ya mwimbaji, unampigia nani? Red Norvo alishajaribu vijiti vinne mwaka 1933. Ila aliyeligeuza kuwa lugha kamili ni Gary Burton, mtoto wa Indiana aliyejifunza kwa sehemu kubwa peke yake, kuanzia miaka 6. Vijiti viwili kila mkono. Mwaka 1964 Stan Getz akamchukua kwenye kundi ambalo halikuwa na piano kabisa, kordi zote ziko juu ya Burton. Alizima hata mota. Na alijua kukandamiza kibao kimoja kwa kijiti ili kinyamaze wakati vingine vinaendelea kulia. Jaribu kufikiria utulivu wa mikono hiyo!

Na jirani yetu yumo. Mulatu Astatke wa Ethiopia alikwenda Berklee, Boston, akaimeza jazz ya Wamarekani, kisha akaichanganya na ngazi za muziki za kwao. Ikazaliwa Ethio-jazz. Nas na Damian Marley walichukua kipande cha muziki wake kwenye "As We Enter", 2010. Nao wamekopi? Haya.

Kwa hiyo anayejifunza leo anapita barabara ile ile. Vijiti viwili kwanza, melodi moja, mpaka iimbe. Kisha vijiti vinne, umsindikize mwenzio bila kumfunika. Kisha solo moja ya mkubwa, uinakili kwa sikio noti kwa noti. Halafu ndiyo uanze kuiharibu kwa makusudi mpaka iwe yako. Tatizo ni anayebaki kwenye hatua ya kunakili maisha yote. Aliye njiani muacheni apite.

Sasa yule mtoto. Aliyempa vijiti ni Lionel Hampton. Mtoto ni Roy Ayers. Mwaka 1976 akatoa "Everybody Loves the Sunshine", na mwaka 1994 Mary J. Blige akajengea "My Life" juu yake. Mwaka 1979 alizunguka Nigeria na Fela Kuti. Amefariki Machi 2025. Kwa hiyo vijiti vilitoka kwa mtu aliyenakili Armstrong, vikafika kwenye ngoma ambayo mama yako anaijua.

Wiki hii kabla hujaandika "anakopi", jiulize kwanza yuko hatua ya ngapi. Mimi komenti zangu mbili za zamani nimezifuta. Wewe je, uliiga wimbo gani mpaka ukauweza? Tiririkeni hapo chini.