Kichakataji si boksi

Hapa kwetu Segese, kama kwingi nchini, mtu akitaja "sipiyu" ana maana ya boksi zima la kompyuta ya mezani, ilhali sipiyu (CPU) ni kichakataji kilicho ndani yake. Hapo ndipo mnunuzi hupunjika: anaoneshwa boksi linalong'aa, anasahau kuuliza kichakataji kilichomo.

Neno kichakataji nalitetea. Kuchakata tunakujua kwenye katani na samaki. Kwa mawe ya dhahabu wachimbaji wa ukanda huu wana kitenzi chao, kuchenjua, na wabaki nacho. Kompyuta hupokea data ghafi na kutoa kitu kinachotumika, kwa hiyo kitenzi kuchakata kinaifaa.

Turudi kwa mnunuzi. Tazama Intel Core i3-12100 ya mwaka 2022, kichakataji cha daraja la chini: viini (cores) 4, nyuzi (threads) 8, kasi ya msingi gigahezi 3.3 inayopanda hadi 4.3. Kwa barua, hesabu za duka na matokeo ya shule kinatosha kabisa. Ila kuna ndugu yake, i3-12100F. Hiyo F ina maana hakina sehemu ya picha, na bila kadi ya picha kioo kitabaki cheusi. Muulize muuzaji jina kamili, hadi herufi ya mwisho.