Hayabusa: Pikipiki Yenye Jina la Kozi

Hayabusa ni pikipiki ya mwendo kasi iliyobuniwa na kampuni ya Suzuki ya Japani na kuanza kuuzwa mwaka 1999. Kwa Kijapani, neno hilo ni jina la kozi, ndege ambaye anaposhuka kulikamata windo lake huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Matoleo ya kwanza yalifikia mwendo huohuo, kwa injini ya silinda nne yenye ujazo wa cc 1,299 na nguvu farasi zipatazo 175.

Hata hivyo, injini peke yake isingetosha. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu za kuushinda huhitajika mara nane. Ndiyo maana pikipiki hii ilipewa umbo la mviringo linalopasua upepo, na matundu mawili kando ya taa ya mbele yanayopeleka hewa kwenye injini.

Kasi hiyo ilizua hofu kwamba nchi za Ulaya zingeweka masharti makali. Watengenezaji wakubwa wakaafikiana kutovuka kilomita 299 kwa saa. Mwaka 2008 ujazo uliongezwa hadi cc 1,340, zaidi ya mara kumi ya bodaboda ya cc 125. Toleo la mwaka 2021 lina mitambo ya elektroniki inayozuia magurudumu kuteleza.

Barabara, hata hivyo, zina mipaka yake. Capital Beltway, inayouzunguka mji wa Washington kupitia majimbo ya Maryland na Virginia, ina urefu wa kilomita 103, na katika sehemu zake nyingi mwendo unaoruhusiwa ni maili 55, yaani kilomita 88, kwa saa. Hayabusa huufikia ikiwa bado katika gia ya kwanza.

Huko Virginia, kupita maili 85 kwa saa ni kosa la jinai linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,500. Kwa mhamiaji, rekodi kama hiyo yaweza pia kuzua maswali katika maombi yake ya uhamiaji.

Kofia ngumu ni lazima katika majimbo hayo mawili na jijini Washington. Lakini tofauti na Ulaya, leseni za huko hazipangwi kwa ukubwa wa injini: anayejifunza leo anaweza kununua Hayabusa kesho. Naye akumbuke kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne.